Kupanga kabureta mbili za Datsun 240Z: nati za mafuta ziguswe mwisho

Datsun 240Z ikianza kumisi au kunuka petroli, watu wengi huinama moja kwa moja kwenye nati zilizo chini ya kabureta, zile zinazoongeza na kupunguza mafuta. Hapo ndipo mambo huharibika. Kabureta hizi, Hitachi za milimita 46 zilizoundwa kwa mtindo wa SU, kabureta za Uingereza, zina sehemu chache zinazocheza, na zikishapangwa vizuri hukaa muda mrefu bila kuhitaji mkono wa mtu. Mara nyingi kilichohama ni kingine: pointi (swichi ya cheche ndani ya distribyuta) zimekaribiana, tapeti (nafasi za vali) zimebana, au kuna mahali panavuta hewa. Ukirekebisha mafuta juu ya kasoro hiyo unaifunika tu, na siku itakapotengenezwa utarudi kuanza upya.

Maelezo haya ni ya kabureta zenye kofia ya mviringo, zilizofungwa kwenye magari ya 1970 hadi 1972. Zile za 1973 zenye kofia bapa ni habari nyingine kabisa, na wenye nazo wengi huishia kuzing'oa na kutafuta za zamani.

Andaa bisibisi bapa, spana, fila geji, taa ya taimingi, kipimo cha mizunguko ya injini, kipimo cha hewa cha kabureta, dawa ya kusafishia kabureta na kizima moto. Kizima moto usikiache ndani ya nyumba. Kwenye injini hii ya L24, manifoldi ya kuingiza hewa na ile ya eksosi ziko upande mmoja, na kabureta zimening'inia juu ya eksosi. Petroli ikidondoka, inadondokea chuma cha moto.

Hatua ya 1: tapeti na umeme

Injini ikiwa baridi, tapeti za kuingiza ziwe 0.20 mm na za kutolea 0.25 mm. Ikiwa ya moto, 0.25 na 0.30. Pointi za distribyuta ziwe kati ya 0.45 na 0.55 mm, plagi kati ya 0.8 na 0.9 mm, NGK BP6ES zinafaa kwa matumizi ya kawaida. Hakikisha nyaya za plagi zimefuata mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, kisha weka taimingi, yaani wakati wa cheche, kama kibandiko cha chini ya boneti kinavyoelekeza. Pima na kompresheni ya silinda zote sita. Ikiwa moja iko chini sana kuliko wenzake, funga boneti kwanza. Hakuna kabureta itakayoiponya.

Hatua ya 2: hewa ya wizi

Washa injini, iache sailensi, yaani izunguke bila kukanyagwa mafuta. Puliza dawa ya kabureta kidogo kidogo kwenye gasketi za manifoldi, kwenye vipande vizito vinavyotenga kabureta na manifoldi, na kwenye mpira unaokwenda kwenye busta ya breki. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Puliza kwa uchache na mbali na eksosi; ikiwa imeshachemka sana, tumia maji.

Sehemu inayosahaulika ni shafti ya kipepeo, yaani ya bati linalofungua na kufunga njia ya hewa. Ishike kwa vidole uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inapita pembeni yake, na kiasi kinachopita hubadilika kila unapoachia mafuta, kwa hiyo gari litakuwa na sailensi tofauti kila taa nyekundu. Dawa yake ni kuchonga na kuweka bushi mpya. Kukaza skrubu ya sailensi hakusaidii.

Hatua ya 3: pistoni na kofia

Chini ya kofia ya kabureta kuna pistoni inayopanda na kushuka, na sindano yake huingia kwenye nozeli, tundu la petroli. Fungua kofia moja, malizia kazi yake, ndipo uende kwenye ya pili. Kila pistoni imelingana na kofia yake, na zikibadilishana zinaweza kukwama. Safisha ukuta wa ndani wa kofia na mzingo wa pistoni hadi vikauke kabisa. Hapo hapapakwi oili: vumbi litanata na pistoni itaanza kupanda kwa kusitasita. Sindano ikague chini ya mwanga. Ikiwa imepinda au ina mstari uliosuguliwa upande mmoja, ibadilishe. Bega lake liwe sawasawa na uso wa chini wa pistoni.

Rudisha, inua pistoni kwa kidole, iachie. Unatakiwa kusikia "tak" ya chuma ikigonga daraja, yaani sakafu ya njia ya hewa. Ikishuka kimya kimya, sindano inasugua nozeli, na hakuna upangaji utakaokaa hadi nozeli iwekwe katikati.

Sasa oili ya juu. Fungua kifuniko cheusi chenye kijiti. Kijiti kina alama mbili, na oili iwe kati yake. Tumia SAE 20 au oili ya giaboksi ya otomatiki. Oili hii ndiyo inayozuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga. Ikipungua, pistoni hupanda upesi mno, hewa huingia nyingi kuliko petroli, na gari huzubaa nusu sekunde kabla ya kuondoka. Watu wamebadilisha koili na pampu kwa kasoro ambayo kijiko cha oili kingeimaliza.

Hatua ya 4: kimo cha petroli

Floti, yaani maboya yaliyo ndani ya bakuli za petroli, za mbele na nyuma lazima zishikilie petroli katika kimo kimoja. Kofia na pistoni zikiwa nje, bakuli zikiwa zimejaa na injini imezimwa, shusha nati ya nozeli (ile ile ya mafuta iliyo chini ya kabureta) raundi kumi kutoka juu kabisa. Petroli inatakiwa ionekane usawa wa mdomo wa nozeli. Ikimwagika, kimo kiko juu. Isipoonekana, kiko chini. Rekebisha kwa kukunja kidogo sana ulimi wa floti.

Petroli ikitoka kwenye mpira wa kumwagia ziada, shuku uchafu kwenye vali ya floti, hasa kutu kutoka kwenye tanki. Shuku pia pampu ya umeme ya bei rahisi. Kabureta hizi zinataka presha ndogo, kama psi 3 hadi 4. Ikizidi hapo, vali inashindwa kufunga.

Hatua ya 5: kulinganisha hewa

Pandisha nati zote mbili hadi mwisho, kisha zishushe raundi mbili na nusu. Hakikisha choki imerudi kabisa. Waya wake ukibana, nozeli moja hubaki chini na utahangaika bure. Legeza skrubu ya kuunganisha kabureta mbili ili kila moja ijitegemee. Washa, subiri injini ifikie joto lake la kazi.

Weka kipimo kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, soma, kitoe haraka, kisha ya nyuma. Kipimo kikikaa muda mrefu kinabana hewa, na injini inabadilika ukiwa bado unasoma. Cheza na skrubu mbili za sailensi hadi zisome sawa kwenye mizunguko 750 kwa dakika. Huna kipimo? Mpira mwembamba wa nusu mita sikioni unatosha. Sauti ya mluzi iwe ileile pande zote.

Rudisha muunganiko, shikilia injini kama 2,000, pima tena. Zikitofautiana hapa wakati sailensi ilikuwa sawa, rekebisha skrubu ya muunganiko peke yake.

Hatua ya 6: sasa nati

Chini ya kila kabureta kuna pini ya kuinulia pistoni. Iinue kama milimita moja tu, usikilize.

Mizunguko ikipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi: pandisha nati. Injini ikilegea na kutaka kuzima, mafuta ni machache: shusha. Ikipanda kidogo kisha ikatulia, acha. Sogeza moja ya nane ya raundi kwa wakati mmoja, piga resi fupi ili injini ijisafishe, jaribu tena. Kila unaporekebisha moja, rudi kwenye nyingine, kwa sababu zinasaidiana kubeba sailensi. Mwishowe nati zikipishana zaidi ya nusu raundi, rudi hatua ya 4. Tofauti hiyo hutoka kwenye floti.

Hatua ya 7: plagi zinasemaje

Endesha kilomita kadhaa kwa mwendo usiobadilika, zima, toa plagi zote sita uzipange kwa namba. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1 hadi 3, ya nyuma 4 hadi 6. Tatu za mbele zikiwa nyeusi kwa masizi na za nyuma kahawia hafifu, kosa ni la kabureta ya mbele. Moja peke yake ikiwa nyeusi, kabureta haihusiki: angalia waya, plagi yenyewe au oili inayopita kwenye ringi. Nyeupe kabisa zenye vitone ni hatari, hasa kama injini hukohoa kupitia kabureta unapokanyaga; ongeza mafuta kabla pistoni ya injini haijatoboka.

Mahali ulipopangia gari pia pana uzito. Kabureta iliyopangwa Mombasa, usawa wa bahari, itakuwa na mafuta mengi Nairobi, ambako hewa ni nyepesi kwa kimo cha takriban mita 1,700. Pandisha nati zote mbili robo raundi, jaribu pini, na ukirudi pwani zishushe kiasi hicho hicho. Gari hili lilishinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973, kwenye mashindano yaliyopanda na kushuka kimo hicho ndani ya siku chache, kwa hiyo barabara zetu si ngeni kwake.

Likigoma kuwaka baada ya kusimama dakika kumi juani, joto la eksosi limechemsha petroli ndani ya bakuli. Hakikisha bati la kuzuia joto bado lipo na mpira wa petroli haujagusa injini. Usipampu pedali: kabureta hizi hazina pampu ya kuongeza mafuta, na kupampu hakuingizi hata tone. Kanyaga nusu, shikilia hapo, piga stata hadi iwake.