Kura ya Seneti Texas: usisubiri Novemba

Mdemokrati wa mwisho kuchaguliwa seneta Texas ni Lloyd Bentsen, mwaka 1988. Tangu hapo, anayepata tiketi ya chama cha Republican ndiye anayekwenda Washington, kwa hiyo kura yenye uzito mkubwa ni ya mchujo, zile ambazo Watanzania huziita kura za maoni. Mwaka 2012 David Dewhurst aliongoza mchujo kwa takriban asilimia 45, Ted Cruz akamfuata na 34. Kwa kuwa hakuna aliyevuka nusu, walirudiana Julai na Cruz akashinda. Marudio hayo yalipigiwa kura kama milioni 1.1 tu; uchaguzi mkuu wa Novemba zilikaribia milioni 8.

Anza na uraia. Mwenye grini kadi asijaze fomu ya kujiandikisha hata akishawishiwa na mtu anayemwamini, maana inaweza kumfukuzisha nchini. Ukishaapishwa kuwa raia, jaza fomu, itie sahihi na uipeleke au uitume kwa msajili wa kaunti yako angalau siku 30 kabla ya kura. Wengi hukwama hapa: wamehama nyumba, fomu ina anwani ya zamani, na wanagundua kituoni.

Texas huandikishwi kwa chama. Mchujo wa kawaida huwa Machi, na karani atakuuliza mezani: Republican au Democratic? Jibu lako ndilo litakaloamua karatasi utakayopewa, na litakufunga hadi marudio, ambayo kwa kawaida huwa Mei. Aliyechagua Democratic Machi hawezi kuingia marudio ya Republican. Asiyepiga Machi anaweza kuchagua marudio yoyote, jambo ambalo wengi hawalijui. Novemba uko huru kumchagua umtakaye. Kama unaegemea chama kidogo, pima vizuri: ukienda kwenye mchujo wa chama kikubwa, unakosa kushiriki kumteua mgombea wa chama chako.

Beba kitambulisho chenye picha: leseni ya Texas, pasipoti ya Marekani au cheti cha uraia chenye picha. Kwa wa miaka 18 hadi 69, leseni au pasipoti iliyoisha muda inakubalika ikiwa haijapita miaka minne. Kama huna na huwezi kukipata kirahisi, omba fomu ya kueleza kikwazo chako, uje na bili ya umeme au taarifa ya benki yenye jina na anwani.

Karatasi ya kura haina Kiswahili. Kama huwezi kuisoma, una haki ya kusaidiwa na mtu unayemtaka, mwanao au jirani, ila si mwajiri wako wala kiongozi wa chama chako cha wafanyakazi. Msaidizi hula kiapo kwanza. Simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za chumba cha kura, kwa hiyo andika majina ya wagombea kwenye kikaratasi. Chini ya karatasi ya mchujo utakuta maswali ya chama. Hayo ni maoni tu, hayawi sheria.

Ukikosea, usiitumbukize. Irudishe kwa karani upewe nyingine; mwisho ni karatasi tatu. Vituo hufungwa saa 1 usiku, lakini aliyekwisha kuingia foleni saa hiyo lazima aruhusiwe kupiga kura. Usiondoke kwenye mstari.