Mzinga Dhaifu Usiunganishwe na Mzinga Wenye Nguvu

Nawaandikia mnaofuga nyuki Gauteng, Limpopo na kwingineko kaskazini mwa Afrika Kusini, maana kila msimu kosa ni lile lile. Mzinga umedhoofu, mfugaji anauonea huruma, anachomoa fremu (viunzi vya masega) mbili zenye majana, yaani watoto wa nyuki, na kuzipachika kwenye mzinga wenye afya, au anamimina kundi lote humo. Haupiti muda, yote miwili imekwisha, na ya jirani inafuata.

Udhaifu huo mara nyingi si njaa. Ni nyuki wa Cape, jamii ya kusini mwa nchi hii. Kibarua wake, yaani nyuki jike mfanyakazi, hutaga mayai yasiyorutubishwa, na badala ya madume hutoka majike kama yeye. Akiingia kwa nyuki wetu wa savana, vibarua wenyeji, ambao kwa kawaida hula mayai ya kibarua mwenzao, hushindwa kuyaondoa yake. Malkia hupotea. Wageni huzaana, lakini hawatafuti nekta wala hawalei majana. Wenyeji wakishazeeka na kufa, wageni huhamia mzinga mwingine. Ukiunganisha, umewafupishia safari.

Janga hili lilianza 1990, makundi ya Cape yalipopelekwa kaskazini, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba vimelea hawa ni uzao wa kibarua mmoja. Mmoja! Basi usiniambie umehamisha fremu moja tu, tena umeikung'uta. Majana yaliyofunikwa hayakung'utiki.

Kabla ya kufanya lolote, simama jua likiwa mgongoni na inamisha fremu hadi mwanga ufike chini ya tundu la sega. Malkia hutaga yai moja, katikati ya sakafu. Ukikuta matatu au zaidi kwenye tundu moja, mengine yamebandikwa ukutani, shtuka. Angalia pia nyuki wenyewe: kati ya wale wa mistari ya njano kuna weusi wasio na manyoya, wanang'aa kama waliopakwa mafuta.

Ukishathibitisha, usingoje Jumamosi. Jioni hiyo hiyo, wote wakiwa wamerudi, ziba mlango wa mzinga. Changanya mililita 250 za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika lita 4 za maji. Si kijiko kimoja! Wengi huweka kijiko, nyuki wanalowa, wanakauka, asubuhi wako kwa jirani. Tumia taa nyekundu, fungua mfuniko, mwagia mpaka kila sega lilowe pande zote. Fremu zenye majana ziingie kwenye friza saa 48, au zichomwe. Asali iliyoingia sabuni imwage, usiuzie watu. Na wavu wa kuzuia malkia hausaidii hapa. Hawa wana umbo la kibarua, wanapita.

Kundi ulilolidaka porini likae peke yake, mbali na mizinga yako, siku 42, yaani vizazi viwili vya vibarua. Wiki mbili hazitoshi. Muda huo wote usiazime fremu kutoka humo. Mayai yakibaki moja moja, lilete kwa wenzake.

Kuna pia wanaotamani kubeba malkia kutoka huku kwenda nyumbani, Kenya au Tanzania. Nyuki wa savana za Kenya na Tanzania ni jamii ile ile iliyoteketea huku, na kisanduku cha malkia husafiri na vibarua wa kumlisha. Acheni.