Una sukari na unaona vizuri? Pima retina hivyohivyo

Yani kinachonikera ni mtu ana sukari mwaka wa nane, ukimuuliza umepima macho lini anakujibu "mbona naona fresh tu". Kuona fresh sio kipimo. Retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuharibika miaka na miaka bila maumivu na wewe unasoma meseji zako kama kawaida.

Iko hivi. Retina ni mlafi wa oksijeni, kwahiyo seli zake za neva zikipata kazi, mfano umemulikwa taa inayowaka na kuzima, zinaitumia ishara mishipa midogo ijipanue damu ije nyingi. Sukari ikikaa juu muda mrefu mawasiliano hayo yanalegea, ishara inatoka lakini mshipa unafunguka kidogo tu, na hili limeonekana hata kwa watu ambao dokta akiwachungulia retina haina doa lolote. Baadae zinaanza kufa perisaiti, seli zinazokumbatia kapilari (vile vimishipa vya damu vyembamba kabisa) kwa nje na kuzishikilia, ukuta unabaki hauna mshikaji, unatuna vijipu vidogovidogo, unavuja maji na mafuta, na yakivujia katikati ya retina ndo unaanza kuona ukungu. Kapilari zingine zinaziba kabisa. Sehemu iliyokosa oksijeni inapiga kelele kwa kutoa protini inaitwa VEGF, yani leteni mishipa mipya huku, na kweli inaletwa ila ya kulipua, laini, inapasuka na kumwaga damu ndani ya jicho.

Sasa fanya hivi. Kama ni sukari ya aina ya pili, ile inayowapata zaidi watu wazima, kapime mara tu ukiambiwa unayo, maana hujui umekaa nayo muda gani kabla ya kugundulika. Aina ya kwanza, ile ambayo mwili hautengenezi insulini, ndani ya miaka 5 tangu ugundulike, halafu wote kila mwaka mpaka dokta akupangie vingine. Mwenye sukari akishika mimba asivuke miezi mitatu ya kwanza bila kupima retina. Na kusoma zile herufi za ukutani ukapewa miwani SIO kupima retina! Sema wazi, "dokta nina sukari, naomba uniangalie retina". Utawekewa matone ya kupanua mboni, macho yatakuwa na ukungu masaa kadhaa, kwahiyo pikipiki acha nyumbani, nenda na mtu na beba miwani ya jua.

Sukari yenyewe fuatilia kwa HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako ya miezi mitatu iliyopita, wengi wanalenga chini ya 7% ila lengo lako kubaliana na dokta wako. Utafiti wa DCCT wa Marekani uliotoka 1993 ulikuta wenye aina ya kwanza waliobana sukari walipunguza hatari ya retina kuanza kuharibika kwa 76%. Presha nayo ishuke, mishipa iliyolegea halafu unaisukuma kwa nguvu unategemea nini? Ila kama sukari imekaa juu miaka na ndo unaanza insulini, pima macho kwanza, kwasababu ikishuka ghafla retina inaweza kuchafuka zaidi mwanzoni. Sio sababu ya kuacha dawa jamani.

Ukikutwa na tatizo usikimbie neno sindano ya jicho. Wanaweka ganzi, inaisha haraka, na dawa kama bevacizumab (ilianza kama dawa ya kansa ya utumbo mpana) kazi yake ni kuinyamazisha VEGF. Mara nyingi mwanzoni ni kila mwezi, na hapo ndo watu wanapotelea, anachoma moja anaona nafuu harudi. Tiba nyingine ni leza, yenyewe inachoma zile sehemu za pembeni zenye njaa zisiendelee kupiga kelele.

Ukiona masizi au nyuzi nyeusi zinaelea ghafla, au kama pazia limeshuka upande mmoja, usisubiri kliniki ya mwezi ujao, nenda hospitali yenye daktari wa macho siku hiyohiyo.