Kiti ya mtoto yenye haimalize nafasi yote ya nyuma

Kabla uingie Birere, kwenye maduka ya Goma, kutafuta kiti ya mtoto ya gari, chukua metre ya fundi wa nguo upime nyuma ya gari yako, mlango kwa mlango, kwenye mabega halafu kwenye watu wanakalia. Kiti yenyewe pima pale penye ni pana kuliko pote, mara nyingi ni kwenye mikono ao kile kikopo cha kuwekea maji (kwa zingine kinatoka). Ikiwa chini ya santimeta 45, hiyo nyembamba kweli.

Sasa upana si yote, shida kubwa ni kufuli ya mukaba. Kiti ikikalia kufuli ya jirani, shangazi yako atakaa pale bila kujifunga na ukimwambia atakucheka tu. Basi jaribu gari ikiwa na watu, kila mtu ajifunge mwenyewe usikie "twak". Isofix (kiti yenye kushikwa na vyuma vya gari yenyewe, si mukaba) ni nzuri ila vyuma viko pale viko, haisogei. Ya kufungwa na mukaba mara nyingi unaweza isukuma kidogo upande wa mlango.

Ukisha funga, shika pale mukaba unapita, tikisa: isipite santimeta 2.5. Angalia etiketi kama iko na alama ya usalama, R44/04 ao R129, na tarehe ya mwisho, kama iko, utaiona chini ya plastiki. Muuzaji asipojua kama ilikuwa kwa aksida, achana nayo, hata akupunguzie namna gani.

Na mtoto mwenye kuangalia nyuma asiwekwe mbele penye erbagi (mfuko wa hewa wa aksida) haijazimwa.