Kabla hujachomeka rauta ya pili nyumbani, soma hapa kwanza

Rauta yetu iko sebuleni, vyumba vya nyuma waifai inafika imechoka, si ukuta wa tofali na friji viko katikati. Nikaichukua rauta ya zamani iliyokuwa kabatini nikachomeka waya nikawasha, haikuchukua muda nyumba nzima haina intaneti. Kumbe zote mbili zilikuwa na adresi moja, 192.168.1.1, na zote zinagawa adresi kwa simu za watu, hiyo kazi inaitwa DHCP na ndani ya netiweki moja inatakiwa ifanywe na rauta moja tu.

Kwa hiyo usianze na waya. Igeuze rauta ya pili usome stika ya chini, pana adresi ya kuingilia, yuza na paswedi. Kama ilishatumika na paswedi umesahau, bonyeza kile kitufe cha riseti kwa pini mpaka taa zizime ziwake upya. Halafu iunge na leptopu peke yake, isiguse kabisa ile kubwa ya sebuleni. Ukiona ina modi ya AP (yaani inasambaza waifai tu, kugawa adresi inaiachia ile kubwa) chagua hiyo, imekupunguzia kazi. Kama haina, ibadilishe adresi iwe mfano 192.168.1.2 (ila angalia kwanza kubwa inatumia ipi na inagawa kuanzia namba ngapi, usiingie humo), weka jina la waifai na paswedi, alafu DHCP izime mwisho kabisa, maana ukishaizima leptopu haipewi adresi tena na utadhani umeiua rauta. Adresi mpya iandike kwenye kipande cha selotepu uibandike juu, baada ya miezi sita hutaikumbuka nakwambia.

Waya sasa. Pima kwa kamba njia yenyewe utakayopita, juu ya mlango, kwenye kona, usipime kwa macho. Chukua waya wa netiweki aina ya Cat5e wa shaba, mwisho wake ni mita 100 na nyumba gani hiyo itafika huko, ila zipo za bei chee ndani ni alumini imepakwa shaba, hizo achana nazo. Kama hujatumia modi ya AP waya unatoka poti ya LAN (zile za kuunga vifaa vya ndani) ya rauta kubwa kwenda LAN ya rauta ya pili, ile ya WAN (ya kupokea intaneti kutoka nje) ya rauta ya pili iache wazi.

Jina na paswedi mimi nimeweka sawa na za kubwa ili simu ihame yenyewe, chaneli (njia ya hewani ambayo waifai inapita) ndo nimetofautisha, moja 1 nyingine 11. Angalia pia soketi ya umeme iko wapi huko nyuma, wengi tunakumbuka waya umeshapigiliwa.

Na waulize watu wa nyumbani kabla hujazima kitu. Mimi sikuuliza, dada alikuwa katikati ya mtihani wa onlaini.