Kususia Uongozi Bila Kuwaumiza Vijana: Mwongozo kwa Mashabiki wa Drum Corps International

Mjadala kuhusu kuususia uongozi wa Drum Corps International, asasi yenye makao yake Indianapolis inayosimamia mashindano ya vikosi vya vijana vya matarumbeta na ngoma nchini Marekani, huharibika mapema kwa sababu wanaojadiliana hawazungumzii jambo moja. Mmoja akisema “tususie” anamaanisha kutokwenda kwenye fainali za Agosti, mwingine anamaanisha kuacha kukichangia kikosi anachokipenda, na wa tatu anataka mwenyekiti wa bodi aondoke. Mwongozo huu ni wa shabiki aliyekwisha kukasirika, na ambaye angependa hasira yake iwafikie wenye maamuzi badala ya kumwangukia kijana wa miaka 19 anayelala juu ya sakafu ya ukumbi wa michezo wa shule kati ya onyesho moja na jingine.

Anza kwa kutenganisha madai ya aina mbili ambayo katika mabishano huchanganywa. Lalamiko likihusu mtu mzima aliyemdhuru kijana, au anayeelekea kumdhuru, hilo si jambo la mashabiki kulipigia kura. Hupelekwa polisi au kwa mamlaka ya ulinzi wa watoto ya jimbo husika, siku hiyohiyo, na anayelipeleka ni yule aliyeona au kuambiwa, hata kama anadhani wenzake wameshalipeleka. Kususia huja baadaye na hujibu swali jingine, yaani waliokuwa na wajibu wa kuzuia na kuchunguza walifanya nini walipopata habari. Mwezi Aprili 2018, gazeti la Philadelphia Inquirer lilipochapisha tuhuma za wanawake tisa waliosema walidhulumiwa kingono na mkurugenzi wa muda mrefu wa kikosi cha The Cadets, mkurugenzi huyo alijiuzulu, lakini kuondoka kwake hakukumaliza swali la bodi iliyokuwa juu yake. Bodi hiyo nayo ilibadilishwa. Shabiki asiyelifikisha lalamiko lake hadi kwenye ngazi ya bodi huishia kuridhika mtu mmoja anapoondoka, huku taratibu zilizomwezesha zikibaki zilivyo.

Jambo la pili ni kujua mlango wa kubisha, na hapa ndipo nguvu nyingi za mashabiki hupotea. Kila kikosi ni taasisi inayojitegemea, yenye bodi yake, hesabu zake na mkurugenzi wake. Drum Corps International haiwaajiri wakufunzi wa vikosi kama Bluecoats au Santa Clara Vanguard. Inachokishika ni kanuni za ushiriki, ratiba ya mashindano, waamuzi na idhini ya kikosi kuingia uwanjani. Idhini hiyo si kitu kidogo, kwa kuwa mwaka 2018 asasi ilikisimamisha kikosi cha Pioneer cha Milwaukee kwa masuala ya usalama na uendeshaji. Kwa hiyo, kama lalamiko lako ni kwamba mkufunzi fulani aliajiriwa bila kuchunguzwa, barua ya kwanza iende kwa bodi ya kikosi, na barua kwa asasi iulize kama kanuni ya uchunguzi ilikuwapo na nani alihakikisha inafuatwa. Kama lalamiko ni kwamba asasi yenyewe ilipokea taarifa ikanyamaza, usikiandame kikosi.

Inafaa pia kukumbuka kwamba asasi hii ilizaliwa kutokana na kukataa. Mwaka 1971 vikosi vitano, yaani Blue Stars, Cavaliers, Madison Scouts, Santa Clara Vanguard na Troopers, viliungana kwa sababu havikuridhika na jinsi vyama vya maveterani vilivyopanga kanuni na malipo ya mashindano, na mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya ubingwa chini ya jina jipya yalifanyika Whitewater, Wisconsin. Anayesema kwamba kususia ni kuusaliti mchezo anasahau chanzo chake. Hata hivyo waasisi wale walikuwa na kitu ambacho mashabiki wengi wa leo hawana: walijua wanachokitaka badala ya kile walichokikataa, na waliweza kukitaja kwa sentensi moja.

Ili uweze kutaja unachokitaka, soma hesabu kabla ya kusema. Asasi zisizojiendesha kwa faida nchini Marekani huwasilisha kila mwaka Fomu 990, yaani taarifa ya hesabu na uendeshaji wao, kwa mamlaka ya kodi ya taifa, na sheria inazitaka zimpe yeyote anayeomba nakala za miaka mitatu ya karibuni. Mamlaka hiyo pia huziweka kwenye tovuti yake ili zitafutwe kwa jina. Usianze na jumla ya mapato, ambayo haikuambii mengi. Nenda Sehemu ya VII, ambapo wajumbe wa bodi na maafisa wameorodheshwa kwa majina, pamoja na wastani wa saa wanazofanya kazi kwa wiki na malipo wanayopokea. Kisha rudi Sehemu ya VI, inayouliza kama asasi ina sera ya maandishi kuhusu mgongano wa maslahi na kama ina sera ya kuwalinda watoa taarifa. Jibu la “ndiyo” katika kisanduku hicho halithibitishi kwamba sera hiyo inatumika, bali linakupa haki ya kuuliza kwa adabu na kwa uthabiti: tuonyesheni sera hiyo, na mtuambie taarifa hupokelewa na nani. Kumbuka tu kwamba fomu hizi huchelewa, mara nyingi kwa mwaka mmoja au zaidi, kwa hiyo usimtuhumu kiongozi mpya kwa takwimu za mtangulizi wake.

Baada ya hapo fuata njia ya fedha, kwa sababu kususia bila kujua fedha zinakokwenda ni kupiga gizani. Tiketi ya fainali katika uwanja wa Lucas Oil huingia kwa asasi, ambayo sehemu ya mapato yake hurudi kwa vikosi kama malipo ya kushiriki. Ada ya kutazama mashindano mtandaoni hupitia kampuni yenye haki za kurusha. Baadhi ya maonyesho ya ziara huandaliwa na wenyeji, wakiwamo wazazi wa bendi za shule, ambao huyategemea kununulia ala. Fulana inayonunuliwa kwenye banda la kikosi husaidia kujaza mafuta ya basi na kuendesha jiko la lori linalowapikia vijana milo minne kwa siku. Ukiyapanga hayo yote kwenye karatasi moja utaona kwamba kukataa tiketi ya fainali kunaigusa bodi, wakati kukataa fulana hakuigusi hata kidogo. Kwa maoni yangu, shabiki anayeususia uongozi wa asasi anapaswa, katika msimu huohuo, kukiongezea kikosi chake mchango wa moja kwa moja, na aseme hadharani kwamba amefanya hivyo na kwa nini.

Wapo watakaopinga kwamba kuendelea kutoa mchango wowote ni kuulinda mfumo mbovu, na hoja hiyo haipaswi kubezwa, hasa inapotoka kwa mtu aliyeumizwa. Lakini tazama jinsi gharama inavyogawanyika. Mwanzoni mwa 2024 The Cadets, kikosi kilichoanzishwa mwaka 1934, kilitangaza kusitisha shughuli, kikitaja mzigo wa kifedha pamoja na kesi ya madai kuhusu unyanyasaji uliodaiwa kutokea miongo kadhaa nyuma. Kosa si la aliyefungua kesi. Haki yake haina muda wa kungoja. Hata hivyo walioachwa bila nafasi walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati wa matukio yaliyodaiwa, na kwao suala si la kusubiri tu mwaka ujao, kwa sababu anayetimiza miaka 22 kabla ya msimu kuanza hana tena nafasi ya kushiriki kikosini. Ndiyo maana hatua ya tano, ambayo wengi huiruka, ni kuwauliza walio ndani na waliotoka. Walio vikosini sasa wanaweza kuogopa kusema, kwa hiyo usiwalazimishe kutoa msimamo hadharani, wala usiwatumie kama mashahidi wako. Waliokwisha kuvuka umri wa kushiriki husema kwa uhuru zaidi, na wakiwaambia kwamba kususia kwa namna fulani kutawadhuru waliobaki, wasikilizeni hata kama mlikwisha kuchapisha tangazo.

Sasa andikeni dai. Liwe fupi, litaje kitendo kinachoweza kuonekana kimefanyika au hakikufanyika, na liwe na tarehe. “Tunataka uwajibikaji” ni sentensi ambayo kiongozi yeyote atakubaliana nayo bila kubadilisha chochote. Linganisha na hii: “Tunaiomba bodi, kabla ya tarehe 1 Machi, ichapishe utaratibu wa kupokea malalamiko, imtaje mchunguzi wa nje asiye na uhusiano na kikosi chochote, na ieleze ni malalamiko mangapi yaliyopokelewa msimu uliopita na mangapi yaliyofungwa. Yasipotimizwa, sisi tuliotia sahihi hapa chini hatutanunua tiketi za fainali za mwaka huu, na fedha hizo tutazipeleka moja kwa moja kwa vikosi.” Tarehe ichaguliwe kabla ya watu wengi kununua tiketi, kwani tishio linalokuja baada ya tiketi kulipiwa halina uzito. Barua ipelekwe kwa kila mjumbe wa bodi kwa jina lake, na nakala kwa wakurugenzi wa vikosi, ambao sauti zao ndani ya asasi zina nguvu kuliko za mashabiki elfu moja.

Kuhusu mwenendo uwanjani sina maneno mengi. Usizomee, usigeuke nyuma kikosi kinapoingia, na usipendekeze kunyamaza baada ya onyesho. Vijana 165 waliofanya mazoezi juani tangu asubuhi hawatajua kwamba ukimya ule ulikusudiwa watu walioketi ofisini. Ukiwa umeamua kususia, baki nyumbani. Ukiwa umekwenda, piga makofi.

Mwisho, kubalianeni tangu mwanzo ni lini kususia kutakoma na nani atatangaza. Bodi ikitimiza mambo mawili kati ya matatu, semeni wazi kwamba mawili yametimizwa na kwamba moja limebaki, kisha amueni kwa kura kama hilo moja linatosha kuendelea. Bodi ikitimiza yote, tangazeni siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale mliyotumia kwenye dai, na nunueni tiketi.