Kupanga saketi za soketi nyumbani, na kupima duara kabla hujafunga plasta

Wiki iliyopita kijana ninayefanya naye kazi alinipigia simu kutoka Kigamboni. "Kaka, shikamoo. Soketi zote zina umeme, breka haishuki, lakini mama mwenye nyumba anasema jikoni kunanuka plastiki." Nikamwambia azime mein swichi anisubiri. Nilipofungua soketi ya friji, mgongo wake ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na ganda la waya wa nyutro likanivunjikia vidoleni kama ganda la karanga.

Soketi yenyewe haikuwa na kosa. Mwaka jana ukuta wa jiko ulisogezwa, nyaya zikakatwa, ncha zikafungwa tepu na kuzikwa kwenye plasta. Soketi zile zilikuwa zimefungwa kwa duara, yaani waya unazunguka soketi zote na kurudi kwenye breka ulikotoka, na duara likikatika hakuna kinachozimika. Hapo ndipo hatari yake ilipo, na ndiyo sababu ya mwongozo huu.

Hatua ya 1: Chora nyumba, gawa mizigo

Weka alama kila unapotaka soketi. Jiko kubwa la umeme, hita ya maji ya kuoga na kila AC vipewe waya wake na breka yake kutoka DB, lile boksi la breka. Soketi zinazobaki, zigawe angalau saketi mbili, jikoni peke yake na vyumba peke yake.

Hatua ya 2: Chagua, mstari au duara

Saketi ya mstari inatoka kwenye breka, inapita soketi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na inaishia ya mwisho. Kwa waya wa 2.5 (unene wa shaba kwa milimita za mraba) weka breka ya ampea 20. Ukitaka breka ya 32 kwenye mstari, vuta waya wa 4.

Duara, au ringi kama tunavyosema saiti, linatoka kwenye breka, linazunguka soketi zote, kisha linarudi kwenye breka ileile. Kila soketi inapata umeme kutoka pande mbili, kwa hiyo waya wa 2.5 unaruhusiwa kukaa kwenye breka ya 32. Utaratibu huu ni wa Waingereza, waliuanzisha baada ya Vita vya Pili kwa sababu shaba ilikuwa adimu. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa, iliyowekewa kiwango mwaka 1947, ilizaliwa nao. Ina fyuzi ndani kwa sababu breka ya 32 haiwezi kuulinda waya mwembamba wa taa ya mezani. Fyuzi hiyo ikikatika, usiizungushie karatasi ya sigara. Nunua nyingine, ya ampea 3 kwa kifaa kidogo, ya 13 kwa pasi au birika.

Sasa turudi Kigamboni. Duara lilikatwa karibu na DB, na soketi ya friji ikawa ya kwanza kwenye upande uliobaki. Umeme wa jiko zima ukawa unapita kwenye skrubu zake. Hesabu ya asubuhi moja: birika wati 2,200, pasi 1,200, microwave 1,300, jiko la sahani moja 1,500. Jumla 6,200. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 27. Waya wa 2.5 ukiwa ndani ya paipu ukutani hubeba takriban 20 hadi 24, kutegemea ulivyolazwa. Breka ya 32 inaziona 27 ni salama, haishuki. Waya unaiva polepole.

Kwa hiyo mimi vyumbani nafunga mstari, daima. Mstari ukikatika, soketi za mbele zinakufa na mwenye nyumba anakupigia siku hiyohiyo. Duara nalikubali jikoni tu, na kwa sharti kwamba fundi ana kifaa cha kulipima.

Hatua ya 3: Vuta nyaya

Moto (waya unaoleta umeme), nyutro (unaourudisha) na ethi (wa usalama, unaokwenda ardhini), zote 2.5, paipu moja. Kama ni duara, zungushia tepu nyeupe nyaya tatu zinazoondoka na tepu ya njano nyaya tatu zinazorudi, pale kwenye DB. Fanya hivyo wakati unavuta. Utaona sababu kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 4: Funga soketi

Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa mkono kuhakikisha umeshika. Ukitaka kuongeza soketi kwa kutoa tawi kwenye duara, tawi moja libebe soketi moja, ya single au double. Usiendeleze tawi juu ya tawi.

Hatua ya 5: Pima duara

Hapa tutakaa.

Zima mein swichi na uhakikishe kwa maltimita kwamba umeme haupo. Tesita ya bisibisi siiamini kwa kazi hii, huweza kuwaka kwa umeme wa kuambukizwa na waya jirani, na huweza kutowaka wakati umeme upo. Chomoa kila kitu, hata chaja ya simu. Washa swichi za soketi zote. Halafu toa nyaya sita za duara kwenye DB.

Kwanza pima ncha kwa ncha: moto na moto, nyutro na nyutro, ethi na ethi. Shaba ya 2.5 ina takriban omu 0.0074 kwa mita, kwa hiyo duara la mita 40 lisome kama 0.30. Zikifanana, endelea. Moja ikionyesha omu zisizo na mwisho, duara limekatika kwenye waya huo, na Kigamboni zote tatu zilionyesha hivyo.

Maltimita ya bei ndogo haifai hapa. Inasoma kwa kuruka 0.1, na vichokonoo vyake, zile nyaya za kupimia, peke yake vina 0.2 au zaidi. Tumia Megger au kifaa kingine chenye kipimo cha omu ndogo. Gusanisha vichokonoo kwanza, na toa namba hiyo kwenye kila kipimo.

Kipimo cha pili ndicho kilichowahi kunila siku nzima. Unganisha moto unaoondoka na nyutro inayorudi, na moto unaorudi na nyutro inayoondoka. Kisha nenda kila soketi ukapime kati ya moto na nyutro. Zote zinatakiwa kusoma karibu sawa, robo ya jumla ya vile vipimo viwili vya kwanza, cha moto na cha nyutro. Kwa mfano wetu, 0.60 gawanya kwa 4, ni 0.15. Soketi ya tawi itazidi kidogo.

Mimi siku ile soketi ya kwanza ilisoma 0.02, ya katikati 0.15, ya mwisho ikarudi 0.03. Nikaamini kuna waya umeunganishwa vibaya ukutani. Nilifungua soketi zote tisa na patasi ilikuwa tayari mkononi. Mzee niliyekuwa chini yake akafika, akaenda DB bila kusema neno, akabadilisha nyaya mbili. "Pima tena, mwanangu." Zote zikasoma 0.15.

Nilikuwa nimeunganisha moto na nyutro za upande mmoja. Kwenye kebo bapa ungeona zipi zinakaa pamoja, lakini sisi tunavuta nyaya mojamoja kwenye paipu, na ncha sita zikitokeza DB hazina alama ya pande. Tepu ya hatua ya 3 ni kwa ajili hiyo. Ukisahau tepu, kumbuka umbo hili: namba ndogo mwanzoni, inapanda katikati, inashuka mwishoni. Badilisha miunganiko kabla hujagusa ukuta. Zikibaki tofauti baada ya kubadilisha, hapo kosa liko ukutani kweli.

Rudia kwa moto na ethi.

Hatua ya 6: Rudisha umeme

Ncha mbili za moto zirudi kwenye breka moja. Hakikisha kuna RCD (swichi inayokata umeme ukivuja kwenda ardhini) ya miliampea 30, hasa pwani ambako mchanga mkavu huifanya fimbo ya ethi kuwa dhaifu. Kazi ndani ya DB ni ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka ya nishati, EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya. Bonyeza kitufe cha kujaribu RCD, ishuke. Halafu andika ndani ya mlango wa DB, kwa wino usiofutika: "Jikoni, duara, 32A, nyaya 2.5", pamoja na vipimo ulivyopata na tarehe. Fundi atakayesogeza ukuta mwakani ataanza kusoma hapo.